Kitambaa Cheusi cha Bwana Beddoes

Asubuhi ya kumuaga Mama Jasu nilipindua kabati lote nikitafuta kitambaa kimoja cheusi, chembamba, cha kufunga kwenye mkono wa koti. Nguo nyeusi ninazo tele, maana nimefika umri wa kualikwa mazishi zaidi kuliko harusi, lakini nilikitaka hicho hicho. Nilikipata chini ya mashuka ya wageni, kimekunjwa ndani ya mfuko wa duka ambalo lilishafungwa zamani. Mshono wake ulikuwa haujafumuka hata kidogo. Alikishona Mama Jasu mwenyewe kwa cherehani yake, miaka thelathini na kitu iliyopita, nyumbani kwake Sparkbrook, na sasa nilikuwa nakivaa kwa ajili yake. Nilikaa kitandani nikalia kwanza, ndipo nikavaa koti. Wanangu wakinikuta nalia huwa wanadhani nimepata habari mbaya kutoka nyumbani, na hawakosei sana, ila habari yenyewe ni ya zamani.

Namna nilivyotoka Taita hadi Birmingham siisimulii hapa; kila aliyepanda ndege ana hadithi hiyo na zote zinafanana. Naanza dukani, Ladypool Road, vuli ile nilipokuwa na miaka ishirini na minne, nimeshika bamia mkononi nikinung'unika peke yangu kwa Kiswahili kwamba bei hii ni ya mbuzi. Mama mmoja wa Kihindi, ushungi mweupe kichwani, akanijibu bila hata kugeuka: "Hapa unalipia taa za duka. Twende pale mbele, useme Mama Jasu amekuleta." Alikuwa Singasinga, kazaliwa Kisumu na kukulia sokoni Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, cha haraka, kisichoomba ruhusa. Kabla hatujafika pale mbele alikuwa ameshajua kwamba nasomea uuguzi, nalala chumba kimoja na wasichana wengine, na kwetu nimebakiza mama na kaka mmoja tu. Wiki ile ile akanitafutia pa kukaa, nyumba iliyopakana na yake. Wenyewe walikuwa mume na mke, wazee Waingereza, karibu wa mwisho wa aina yao katika mtaa ule. Mzee kichwa kilikuwa kimeanza kumwacha, bibi amechoka, na walitaka mtu wa kuwasaidia asubuhi na jioni, naye akae bila kulipa kodi. "Yule mzee alikuwa mchezaji wa mpira," Mama Jasu aliniambia. "Professional kabisa. Usimwone vile."

Nilimwona vile vile. Bwana Beddoes alikuwa mzee mrefu wa karibu miaka tisini, ameketi jikoni na magoti yasiyokunjika, akitazama mlango. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu, nami nikadhani ni la ajali ya kiwandani, kumbe lilikuwa la kamba ya mpira. Mipira ya enzi zake ilikuwa ya ngozi, inafungwa kwa kamba kama kiatu, na ukiipiga kichwa upande wa kamba unachanika. Nyumba ilikuwa na chumba cha mbele kisichokaliwa, baridi mwaka mzima, kilichotunzwa kwa ajili ya wageni ambao hawakuja. Ukutani mle kulikuwa na picha ya timu: vijana wamekunja mikono, nywele zimepakwa mafuta, na Bwana Beddoes nyuma yao, peke yake asiyeitazama kamera. Lakini maisha yote ya nyumba yalikuwa jikoni, kwenye meza ya kitambaa cha plastiki, redio, birika na kochi dogo lililobonyea. Mimi nilipewa chumba cha nyuma ghorofani, alimolelewa binti yao Margaret, na jioni nilisoma vitabu vyangu nikisikia cherehani ya Mama Jasu ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Bibi alitaka nimwite Edie. Nilimwambia kwetu mtu wa umri wa nyanya yako humwiti jina tupu, naye akasema nyumbani kwake hataki kuitwa kama mwalimu mkuu. Tukapatana Mama Edie. Yeye aliniita "bab", kama wanavyoitana wenyeji wa Birmingham wakipendana, na mwezi wa kwanza nilidhani amesahau jina langu.

Habari za mpira nilizipata kutoka kwake, huku tukimenya viazi, maana mumewe alikuwa hawezi tena kuzipanga. Horace wake alitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma akiwa kijana, akawa beki wa kati wa klabu ya hapa mjini, misimu mingi, kati ya vile vita viwili vya dunia. Jumamosi alikwenda uwanjani kwa miguu, njumu zimefungwa kwenye gazeti kwapani, akitembea katikati ya watu wale wale ambao baadaye wangemzomea. Kazi yake ilikuwa kuruka na kuondoa hatari kwa kichwa. Mvua ikinyesha mpira ulikunywa maji ukawa mzito, na katikati ya wiki, mazoezini, walimtundikia mpira mwingine kwenye kamba ili aendelee kuupiga. Jioni alirudi akaketi na kitambaa cha maji kwenye paji la uso, na Edie hakuruhusiwa hata kugonganisha vijiko. Mwaka mmoja, akiwa kwenye ubora wake, klabu nyingine kubwa ilimtaka naye akaomba kuondoka. Wakamkatalia. Kwa sheria za wakati ule klabu ilishikilia karatasi zako, na ikikasirika haikuchezeshi wala haikuachi uchezee wengine. Msimu mzima alifanya mazoezi na wachezaji wa akiba, na Jumamosi akakaa jukwaani amevaa tai. "Walimweka kabatini," Mama Edie alisema. Walipomsamehe kasi ilikuwa imepungua, kisha vita vikaja vikamaliza kilichobaki, na baada ya vita akawa mkaguzi wa vipuri vya magari hadi kustaafu. Hakuwahi kucheza fainali wala kuitwa timu ya taifa. Mama Edie alisema hakuwahi pia kulalamika, na kwamba hilo ndilo lililomuudhi maisha yake yote.

Kila kitu kilimtoka Bwana Beddoes isipokuwa Jumamosi. Jumamosi adhuhuri Mama Edie alimpikia chakula cha wachezaji kabla ya mechi, samaki mweupe wa kuchemsha, mkate wa kuchoma na chai, na harufu ya samaki yule ilimwamsha mzee mwili mzima. Mimi niliyelelewa kwa mchuzi wa nyanya na kitunguu nilimwonea samaki huruma. Akishamaliza kula alivaa koti na kofia, mkewe akamshika mkono, wakazunguka mtaa, mbele ya maduka ya sari na ya peremende za Kihindi, yeye akisalimia kila mtu kwa kofia kama nahodha. Walirudi mzee amechoka, anahema, na swali lilikuwa lile lile: "Tulishinda?" Mama Edie akamjibu kwamba wameshinda. Mzee akauliza kama alicheza vizuri, naye akamwambia amecheza kama kawaida yake. Nilikuwa nasikiliza kutoka ngazini, na Jumamosi moja nikamsikia akisema, taratibu kabisa, "Edie, mbona kila siku tunashinda?" Mama Edie akamwambia ni msimu mzuri, kisha akaenda kusimama kwenye sinki akafungua maji bila kuosha chochote.

Februari Mama Edie akaanguka bafuni, akafia hospitali bila kurudi nyumbani. Margaret alikuja kutoka Moseley. Alikuwa mwalimu, mama wa makamo, mpole na mwenye msimamo, na alinikalisha chumba cha mbele chenye baridi ili babake asisikie. Alisema ameshaamua: baba hataambiwa. Nilishangaa hadi nikasahau adabu, nikamuuliza mtu anafichwaje kifo cha mkewe. Akanijibu kwa utulivu, na maneno yake sijayasahau. "Wewe na mimi tutaambiwa mara moja. Yeye akisahau ataambiwa tena, na itakuwa mara ya kwanza. Unataka afiwe na mama kila asubuhi?" Siku ya mazishi nilibaki na mzee nyumbani, nikampikia samaki ingawa ilikuwa katikati ya wiki, asije akauliza magari meusi yaliyosimama nje yamemfuata nani. Alikula akafurahi. Aliacha nusu ya mkate, akaufunika kwa sahani ndogo, akasema huo ni wa Edie akirudi.

Basi ikawa kazi yangu. Bwana Beddoes akiuliza mke wake yuko wapi, nasema ameenda dukani. Alikubali, akageuza kiti kidogo ili auone mlango vizuri, akangoja. Baada ya muda akauliza tena. Kila mlo alimwekea mkewe nusu ya mkate, na kila jioni mimi niliutupa. Jumapili nilikwenda kwa Mama Jasu kungoja simu ya kaka yangu, kwa sababu simu ya kwa Beddoes ikilia mzee aliinuka akidhani kocha anamwita. Kaka alipiga kutoka Voi, laini inakwaruza, na swali langu la kwanza siku zote lilikuwa la mama. Tangu karibu na Pasaka mama akawa hapatikani. Mara amelala, mara ameenda Mwatate kumwona mgonjwa, na mara nyingi zaidi ameenda sokoni. Nilimuuliza kaka tangu lini kuna soko Jumapili. Akacheka, akasema mambo yamebadilika, akaniuliza mtihani ni lini. Kanisani nako watu walinikumbatia muda mrefu kuliko kawaida. Mke wa mchungaji akaniletea chapati hadi chuoni, akaniambia niweke akili kwenye masomo tu, mengine nimwachie Mungu. Mimi niliona napendwa, nikazila zote.

Jumamosi moja ya Juni, kabla ya mtihani wangu, nilipita kwenye mlango mdogo wa uani kumrudishia Mama Jasu sufuria yake. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Alikuwa kwenye simu, mgongo kwangu, akiongea Kiswahili. "Hapana, hajui bado. Paper yake ni Alhamisi. Ijumaa tutamwambia, wamama wa kanisa watakuja tukae naye." Akasikiliza. "Na kaburi mmeshajengea? Basi vizuri. Na yale maua yake, mtu amwagilie." Hakutaja jina la mtu, na hapakuwa na haja. Mama yangu alikuwa mpanda maua wa kijiji kizima. Niliiweka sufuria chini polepole, kwa sababu sikutaka ilie.

Mama Jasu aligeuka, simu bado mkononi, akaniambia niketi. Nilimwambia nimekalishwa vya kutosha, nikamuuliza ni lini. "Kabla ya Pasaka," akasema. "Kaka yako alituomba. Ungeenda, masomo yangekufa, na hata hungewahi kuzika." Hakuwa anadanganya. Kwetu ndivyo inavyofanywa: aliye mbali hapewi habari ya kifo akiwa peke yake, hungojwa afike nyumbani, au amalize alichokwenda kufanya, akae, ale, awe na watu. Nilijua desturi hiyo tangu utotoni na nilidhani ni desturi nzuri. Walinifanyia kwa kunipenda, na kwa muda nikawachukia wote, kaka, kanisa, chapati na Mama Jasu. Kilichonichoma zaidi kilikuwa lile neno la sokoni. Mama yangu alikuwa sokoni na Mama Edie dukani, nami nimekwenda na kurudi kati ya nyumba hizo mbili nikidanganywa kwenye moja na kudanganya kwenye nyingine. Kwa miezi miwili nilikuwa nimekaa kama Bwana Beddoes, nimegeuza kiti nautazama mlango. Mtihani niliufanya. Nilifaulu, na mpaka leo sijui niliandika nini.

Jumamosi iliyofuata niliamua mzee hatafanyiwa nilivyofanyiwa. Nilipika samaki, nikamwacha ale mpaka amalize, maana habari ya msiba hapewi mtu mwenye njaa wala aliyesimama. Nilimwomba Mama Jasu aje, kwa kuwa pia haitolewi na mtu mmoja. Tulikuwa hatujasemezana wiki nzima, lakini alikuja, akaketi karibu na mlango, mikono mapajani. Nikamshika mzee mikono. Nilimwambia Edie hayuko dukani. Nilimwambia Edie alifariki wakati wa baridi, hospitali, na amezikwa. Alinitazama kwa macho yake ya bluu iliyofifia. Niliogopa atalia, kisha nikaogopa hatalia.

"Nilikuwepo?" akauliza.

Nikamwambia hapana.

"Tulikuwa tunacheza ugenini?"

Ingekuwa rahisi kumwitikia. Nilimwambia alikuwa hapa hapa, jikoni, pamoja na mimi, na kwamba hatukumwambia. Kisha akainuka, kwa shida, akanyoosha mkono wa kushoto mbele ya Mama Jasu, kama mtu aliyezoea kuvalishwa, akabana koti lake juu ya kiwiko kwa vidole. "Nifungeni basi," akasema. "Nyeusi. Hatuingii uwanjani bila nyeusi."

Mimi sikuelewa. Mama Jasu, ambaye wanawe walikuwa wanashinda mbele ya televisheni siku za mechi, ndiye aliyeelewa: wachezaji wakifiwa huingia uwanjani na kitambaa cheusi mkononi. Akaenda kwake, na kupitia ukutani tukasikia cherehani ikikimbia, ikanyamaza, ikakimbia tena. Alirudi na vitambaa viwili. Sikuwa nimemwomba cha pili. Cha kwanza akamfunga mzee, cha pili akaniwekea mkononi bila neno lolote, na hilo ndilo lililokuwa neno lake la pekee kuhusu jambo lile mpaka alipokufa. Bwana Beddoes aliona nashindwa kukifunga kwa mkono mmoja. Akakichukua, akakizungusha kwenye mkono wa sweta yangu kwa vidole vyake vinene, akakaza. "Chako ni cha nani?" akaniuliza. Nikasema cha mama yangu. Akanielekeza nisimame pembeni yake, mabega yalingane, kati ya jiko na meza, akainamisha kichwa. Nami nikainamisha. Mama Jasu akasimama pale mlangoni, ushungi umemfunika uso.

Tulisimama. Chai ikapoa, nje gari la aiskrimu likapita na muziki wake, na mzee hakuinua kichwa. Shingo ilianza kuniuma. Mama Jasu akaninong'oneza kwa Kiswahili, anangoja nini huyu, kisha akajijibu mwenyewe: "Anangoja refa." Filimbi ya kumaliza kimya hatukuwa nayo. Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Nilipigwa kofi na mama yangu huyo huyo kwa kujaribu, nikiwa mdogo, njiani kutoka kuchota maji. Nikalowesha midomo. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tupu. Ya pili ikatoka sauti, mbaya, ya kukwaruza, lakini Bwana Beddoes aliinua kichwa, akashusha mabega, akaketi kwenye kiti chake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazishi ya mama yangu. Sikupata mengine.

Kesho yake alikuwa amesahau, bila shaka, lakini kitambaa kilikuwepo. Alikitazama, akauliza ni cha nani. Haikuwa kama Margaret alivyosema, wala haikuwa kama mimi nilivyotumaini. Kuna asubuhi alijikunja akamwita mkewe kwa jina hadi nikatamani ningeufunga mdomo wangu. Kuna asubuhi aliitikia kwa kichwa tu, kama aliyekumbushwa jambo alilolala nalo. Ila aliacha kuweka nusu ya mkate, akaacha kugeuza kiti. Margaret alipokuja Jumapili ya wiki iliyofuata na kukiona, uso wake ukabadilika. Hakupiga kelele. Alisema aliniomba jambo moja tu, akakifungua kile kitambaa, akakitia kwenye mkoba wake, akaniambia nitafute mahali pengine pa kukaa. Nilipanda ghorofani kufungasha. Sikuwa na hasira naye, kwa sababu nilikuwa nimeyasikia maneno yake ya Februari na bado sikuwa na jibu.

Nikiwa ngazini na sanduku nilimsikia mzee. Alikuwa anapapasa mkono wa koti, akavua koti, akaligeuza, akatazama chini ya meza. Margaret alimuuliza anatafuta nini. "Kuna mtu amekufa," akasema, "na sijui ni nani." Margaret akamtaka aketi. Hakuketi. Akarudia, sauti inapanda, kwamba kuna mtu wake amekufa na hawamwambii, na akaanza kuorodhesha wachezaji wenzake, mmoja mmoja, akiuliza ni huyu, ni huyu. Margaret akaenda kwenye sinki, mahali pale pale mamake alipokuwa akisimama, akafungua maji. Nikaona mgongo wake kupitia mlango uliokuwa nusu wazi. Yale maji yalimwagika muda mrefu. Kisha akayafunga, akafuta mikono, akafungua mkoba.

"Ni Mama," akamwambia. "Baba, ni Mama."

Alimfunga kile kitambaa, mzee akimwelekeza akaze zaidi kisije kikateleza akiruka. Halafu Margaret akamwangukia kifuani akalia, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza tangu Februari, maana mtu anayeficha msiba hapati nafasi ya kuulilia. Babake alimpigapiga mgongoni. Akamsimamisha pembeni yake, akainamisha kichwa. Mimi niliketi ngazini juu ya sanduku langu nikangoja. Wakaendelea kusimama, na nikajua Margaret hajui habari ya filimbi. Nikapenyeza kichwa mlangoni, nikapiga mluzi wangu mbaya. Margaret aligeuka kunitazama, macho mekundu, na suala la mimi kuhama halikutajwa tena.

Bwana Beddoes alikufa Novemba, kitini, asubuhi, kitambaa mkononi. Wakati wa kumuaga, kwenye jumba la kuchomea maiti, tulikuwa wachache. Hakuja mtu kutoka klabu, kwa sababu waliomjua hapo walikuwa wamemtangulia. Mchungaji aliharakisha, kwani nje kulikuwa na msiba mwingine unasubiri zamu. Jeneza lilipoingia nyuma ya pazia tuliinamisha vichwa, Margaret, Mama Jasu na mimi, na mimi nilijua mzee anachongoja. Nikalowesha midomo. Nikamwona mchungaji, nikawaona wabeba jeneza wenye kofia ndefu, nikaona aibu. Nilimtazama Margaret, naye alikuwa ananitazama. Hakuna aliyethubutu. Kinanda kikalia, tukatoka nje, na kwa miaka yote hii nimekuwa na hisia kwamba tulimwacha yule mzee amesimama.

Mimi na Mama Jasu hatukuwahi kuizungumzia ile simu. Nililishwa mezani kwake, aliwashonea wanangu sare za shule, alinifundisha kupika dengu za kwao na mimi nikamfundisha kimanga cha kwetu cha mihogo na maharage, na wakati mwingine nilimtazama akiongea nikasema moyoni, wewe ulijua kabla yangu. Nilimpenda, na hilo halikuondoka. Wiki iliyopita, kwenye jumba la kuchomea maiti, watu wake walivaa nyeupe, kama ilivyo desturi yao, na mimi peke yangu nikawa na kitambaa cheusi mkononi. Walinitazama, hawakuuliza. Nje, karibu na maua, nikasikia gurudumu la kigari cha kutembelea likikwaruza lami. Alikuwa Margaret, sasa anakaribia umri aliofia babake, anayekaa siku hizi kwenye nyumba za wazee Castle Vale. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Mama Jasu alikuwa akimpunguzia sketi zake hadi mwaka jana.

Hakunisalimu. Alitazama mkono wa koti langu, akauliza kama alivyokuwa akiuliza babake: "Hicho ni cha nani?"

Nikamwambia ni cha Mama Jasu. Nikamwambia ni cha mama yangu pia, na cha mama yake, na cha Bwana Beddoes. Margaret akakisukuma kigari chake pembeni, akasimama karibu yangu, bega kwa bega, akainamisha kichwa. Nami nikainamisha. Watu walikuwa wanaelekea kwenye magari, milango inafungwa, mtoto analia. Sikuinua kichwa. Nilimfikiria mama akimwagilia maua, na Mama Jasu akiwa na simu mkononi ananiambia niketi, na kwa mara ya kwanza nikatamani ningeketi. Shingo ikaanza kuniuma kama siku ile. Ndipo nikasikia pembeni yangu pumzi ikitoka bila sauti. Ikatoka tena. Mara ya tatu ukatoka mluzi, mwembamba, wa ajuza mwenye meno ya bandia, na wale watu waliovaa nyeupe wakageuka wote kututazama.

Nikainua kichwa.